"Saa Nane Yuko Nyumbani": Sifa Inayomfunga Mwalimu Miguu

Mashoga zangu wa Mafia, na nyinyi mliotawanyika Dar, Unguja, Mombasa na Maskati. Leo sina mapishi wala mapambo. Aliyekuja kutafuta namna ya kufunga mtandio wa bibi harusi anisubiri wiki ijayo, inshallah. Leo nina ugomvi.

Nina ugomvi na sifa moja. Mmeisikia. Inatolewa siku ya posa, inatolewa barazani kwa wanaume, inatolewa na mashangazi wakiwa juu ya mbuzi wanakuna nazi: "Binti mwenyewe mwalimu. Kazi nzuri hiyo kwa mke. Saa nane yuko nyumbani, likizo anazo, Jumamosi na Jumapili hatoki." Wote wanatikisa kichwa, mashallah, mahari inapangwa.

Hebu tazameni kilichosifiwa hapo. Hakuna aliyesema binti anafundisha vizuri. Hakuna aliyeuliza anafundisha darasa la ngapi, wana watoto wangapi kwenye chumba kimoja, au wangapi walioingia hawajui herufi wakatoka wanasoma. Kilichosifiwa ni saa ya kurudi. Ingekuwa kazi ya kuhesabu mawe lakini inaisha saa nane, ingesifiwa vilevile.

Yaani kazi yake inapendwa kwa sababu inaonekana ndogo, na itapendwa mradi ibaki ndogo. Siku mwalimu huyo akiitwa bara wiki kadhaa kusahihisha mitihani ya taifa, au akipewa uafisa elimu kata na shule za kuvuka kwa mashua kwenda Jibondo na Juani, au akitakiwa Dodoma kwenye mafunzo, ndipo utakaposikia lugha nyingine. "Sisi hatukuoa mtu wa safari." Ile sifa iliyomletea posa ndiyo inayogeuzwa kamba ya kumfunga.

Na wengi wetu tumejifunga wenyewe, tukadhani ualimu ni chumba: ubao, chaki, madawati, kengele. Ukitoka kwenye chumba umeacha ualimu, umeshindwa, au umepata kiburi. Mimi nasema si kweli, na nasema hasa na nyinyi mnaokaribia kuolewa, kwa sababu uamuzi huu hufanywa kwa ajili yenu wakati mko ndani mnapakwa singo na hamna habari.

Tuwe waadilifu kwanza. Ualimu ulitufungulia mlango, na waliotutangulia hawakuupata bure. Unguja, shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na wazee wengi walikuwa na wasiwasi nayo: mtoto wa kike atoke nyumbani aende wapi, afundishwe nini, na nani? Kilichowatuliza wengi ni kwamba wanawake wangefundisha wanawake. Ualimu ukawa kazi ya heshima, kazi ambayo mwanamke wa pwani aliweza kuifanya akiwa na buibui lake na jina la familia yake likabaki safi. Hiyo ni neema. Lakini miaka karibu mia imepita, na sisi bado tumesimama palepale mlangoni tukishukuru kwamba tumeruhusiwa kuingia.

Ukirudi nyuma zaidi, historia ya Kiislamu haimfungii mwalimu mwanamke chumbani. Ash-Shifa binti Abdullah, hadithi iliyopokewa na Abu Dawud inaonesha kuwa ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika. Wapo waliosimulia pia kwamba Sayyidna Umar alimpa usimamizi wa mambo ya soko. Wanazuoni wengine hawaikubali riwaya hiyo, nami siijengei hoja. Ya kwanza yanitosha. Hakukuwa na shule, hakukuwa na mshahara wa halmashauri, na mwalimu alikuwa mwalimu. Bibi Aisha (r.a.) amepokewa hadithi zaidi ya elfu mbili, na masahaba wanaume walimwendea kuuliza. Sijui nani alikuwa akimhesabia saa ya kumaliza kazi.

Halafu tazameni hapa hapa kwetu. Yule mwanamke anayekufunza mambo ya ndoa tunamwita nani? Somo. Kungwi. Lugha yetu yenyewe imempa mtu na mafunzo jina moja! Somo hana darasa wala daftari, hana cheti, na hakuna bibi harusi wa kisiwa hiki anayethubutu kusema yule si mwalimu. Anafundisha jikoni, chumbani, chini ya mkungu. Sasa kwa nini mwenye diploma ya ualimu akitoka nje ya ukuta wa shule tunasema amepotea?

Mfano ninaoupenda kuliko yote haukutoka Ulaya. Umetoka Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na shida ambayo mama yeyote wa Kilindoni ataielewa. Watoto walikuwa wanakwenda chuoni, wanahifadhi sura zao vizuri, lakini wakifika darasa la kwanza wanakutana na wenzao waliopita shule za awali, wanaachwa nyuma tangu siku ya kwanza. Kumpeleka mtoto shule ya awali ya mbali kulihitaji pesa, na wazazi walihofia dini ya watoto wao. Wazee wakaomba msaada kwa Aga Khan. Kazi ya kutafuta njia akapewa mwalimu, mwanamke wa Kiislamu wa hapohapo pwani, Bi Swafiya Said.

Bi Swafiya angeweza kubaki darasani akafundisha watoto arobaini kwa mwaka hadi astaafu, na ingekuwa kazi ya thawabu. Alichofanya ni kuchukua chuo cha madrasa, ambacho wazazi tayari wanakiamini, na kukiwekea ndani yake shule ya awali. Qur'ani na adabu zikabaki, mashairi na michezo ya Kiswahili ikaingia, pamoja na mbinu za kisasa za kumfunza mtoto mdogo kwa kucheza na kushika vitu kwa mikono. Ya kwanza ilianza 1986. Walimu hawakuletwa kutoka mbali. Walichukuliwa wasichana na wanawake wa mtaa wenyewe, wakafunzwa, na wakufunzi wakawa wanawatembelea kuwaangalia na kuwasahihisha. Vifaa vilikuwa vifuu, makombe ya baharini, vizibo vya chupa, maboksi na mbegu. Zanzibar ikafuata 1990, Uganda 1993. Shule zikapita 200 katika nchi tatu. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliolinganisha watoto wa nchi hizo, uliona waliopita shule ya awali wanawazidi waliokaa nyumbani, na wa shule hizi za madrasa wakiwa mbele zaidi.

Naomba mlitazame jambo hili kwa makini. Mwalimu huyu aliacha ubao tu. Ualimu aliondoka nao, akaenda nao msikitini kuzungumza na kamati, akaenda nao kwa akina mama, akawazalisha walimu wengine, na hao wakazalisha wengine. Angeolewa kwenye ukoo wa wale wanaohesabu saa nane, pwani nzima ingekosa.

Na lipo jambo linaloniuma kidogo. Mambo mengi mapya ya elimu tuliyoyaona Tanzania katika miaka hii yameanzishwa na watu ambao hawakuwa walimu. Shule Direct, masomo ya sekondari kwenye simu na kompyuta, ilianzishwa 2013 na Faraja Nyalandu, mwanasheria, ambaye wengi mlimjua kama Miss Tanzania wa 2004. Mwaka huohuo Dar es Salaam ikaanza Ubongo, na Januari 2014 katuni za Ubongo Kids zikaanza kuonekana TBC1. Leo mtoto wa Kirongwe anawajua Kibena na Kiduchu kama anavyowajua binamu zake. Allah awalipe walioanzisha, siwasemi vibaya hata kidogo. Lakini jiulizeni: ndani ya masomo yale kuna nini? Kuna kazi ya mwalimu. Kuna mtu aliyekaa akafikiri mtoto anakosea wapi kwenye sehemu, na amweleweshe kwa hadithi gani. Ujuzi ni wetu, sisi tulioshinda miaka na chaki. Mlango wameufungua wengine, sisi tumebaki tunaambiwa tushukuru tunawahi kupika.

Kila nikilileta jambo hili, najibiwa kitu kimoja: "Basi mwalimu akitaka cha ziada auze vitenge." Vitenge, udi, madera, ubuyu, barafu za ndimu. Mwanamke akitaka kukua, jibu letu ni dera! Biashara ni sunna na Bibi Khadija ni mama yetu, sibishani. Ninachokataa ni kwamba mtu aliyesoma miaka kufundisha binadamu kusoma, kitu pekee tunachoona anaweza kuuza ni nguo ya mtu mwingine aliyoifuata Kariakoo.

Basi anaweza nini? Ndani ya serikali yenyewe njia zipo na hazisemwi. Yupo mthibiti ubora wa shule, yule ambaye zamani tulimwita mkaguzi. Wapo maafisa elimu wa kata na wa wilaya. Wapo wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Wapo wanaoendesha mafunzo kazini, haya ya MEWAKA, ambayo walimu hukutana shuleni kwao na kwenye vituo vya walimu, na mwenye ujuzi anawafunza wenzake. Wapo wakuza mitaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na Baraza la Mitihani linalohitaji watunga maswali na wasahihishaji. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 chini ya sera ya elimu toleo la 2023. Nani ataandika vitabu vyake, nani atawaelekeza walimu, nani atasema somo hili halifai kwa mtoto wa kisiwani? Kama meza zile hazina mwanamke wa visiwani hata mmoja, tusishangae mtoto wetu akisoma habari za treni kila ukurasa na bahari aione kwenye picha moja mwisho wa kitabu.

Tena vitabu. Taasisi hiyohiyo ya Elimu inasimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na hadithi za watoto zimeingizwa humo. Papa potwe wanakuja mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, wageni wanavuka dunia kuja kuwaona. Kasa wanataga Juani, na watu wanakwenda kusubiri makinda yatoke mchangani. Hifadhi ya Bahari ipo tangu 1995. Kua kuna magofu ya mji mzima. Sasa nenda kwenye kabati lako, unitolee kitabu kimoja cha mtoto, cha Kiswahili, chenye papa potwe ndani yake. Mwalimu wa darasa la pili anajua maneno mangapi yanamtosha mtoto kwenye ukurasa mmoja. Hiyo ni taaluma. Mtu wa bara mwenye kompyuta nzuri hana hiyo, wewe unayo na unaiona kitu cha kawaida kwa sababu umeizoea.

Wageni wa Utende wanataka Kiswahili. Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, mwaka 2021, wanaotaka kujifunza kwa njia ya mtandao hawajapungua. Anayejua kufundisha kusoma na kuandika anaweza kufundisha lugha yake kwa simu akiwa barazani kwake, stara yake imetimia, mradi bando lipo. Zipo redio. Zanzibar, katikati ya miaka ya 2000, watoto wadogo wa vijijini ambao hawakuwa na shule ya awali waliwekewa masomo ya redio yaliyoitwa Tucheze Tujifunze. Wanakusanyika na mlezi wa kijijini, redio inaimba, inauliza, wao wanaitikia na kuruka. Kisiwa chenye vitongoji vilivyotawanyika kama chetu ndicho kinachofaa kwa kitu kama hicho. Zipo kazi za elimu ya uhifadhi. Sea Sense wamefanya kazi ya kasa hapa Mafia kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa na watu na watoto ukawaelewesha. Hiyo ni kazi ya nani kama si mwalimu?

Na neno hili "ubunifu" wasitutishe nalo. Kwenye semina ukisikia ubunifu ujue kitafuata kishikwambi. Sawa, vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na vina kazi yake pale penye umeme na mtandao. Lakini mwalimu anayefundisha kujumlisha kwa kome, akafundisha kalenda ya mwezi kwa maji ya bamvua na maji mafu ambayo mtoto wa mvuvi anayajua kuliko yeye, huyo ni mbunifu. Mama anayesuka mkeka anahesabu mistari ya ukili kwa kichwa bila kukosea; mwalimu akiona hesabu ndani ya mkeka ule, akaandika namna ya kuifundisha, akaituma kwa walimu wa kata tatu, amefanya kitu kikubwa. Tofauti ni kwamba wengi wanaishia kwenye darasa lao. Ujuzi wao wanastaafu nao, na kijana anayeingia anaanza moja.

Sasa yasemwayo dhidi yangu, na mengine yana uzito.

La kwanza: kisiwa hakina walimu wa kutosha, na wewe unawaambia watoke darasani? Hili haliwezi kupuuzwa. Sote tunajua walimu wanapangiwa Mafia, wanaiona bahari ya Nyamisati, wanaanza kuandika barua ya uhamisho kabla hawajashuka kwenye kivuko. Elimu bila ada ilipoanza 2016 madarasa yalijaa, na mwalimu anayeondoka anaacha pengo la kweli lenye majina ya watoto ndani yake. Lakini tazameni upande wa pili. Katika mtaa wako kuna wasichana wangapi waliomaliza chuo cha ualimu na wako nyumbani? Cheti kiko kwenye sanduku la nguo. Nafasi zikitangazwa wanaomba kwa Sekretarieti ya Ajira, wanaitwa usaili, wanarudi na nauli imekwisha. Shule zinalia walimu na walimu wanalia shule. Pengo hilo halikuletwa na mwalimu aliyeandika kitabu. Na hawa walio nyumbani ndio hasa ninaowasemea: tumewaambia wao ni walimu siku watakapopewa chumba na serikali, mpaka hapo ni wali wa kuposwa tu. Wakati huohuo watoto wa jirani yao, wa miaka minne, wanashinda uchochoroni. Bi Swafiya aliwachukua wasichana ambao hata vyeti hivyo wengi wao hawakuwa navyo.

Na yule aliyeko darasani, sisemi atoroke. Wengi wa ninaowataka hawahitaji kuacha kazi. Wanahitaji ruhusa ya kukua: wiki tatu za kusahihisha, siku mbili za mafunzo, saa moja ya usiku ya kuandika bila mtu kugonga mlango kuuliza chumvi iko wapi.

La pili: safari za mwanamke bila mahram. Hili ni suala la dini, lina maneno ya wanazuoni, na mwenye nalo akae na sheikh wake aulize kwa ukamilifu: safari ya umbali gani, na nani, kwa kazi gani. Ninachokataa ni kuona mashemeji wawili barazani wanalitolea hukumu, na wakati huohuo hawana neno binti wa nyumba hiyohiyo akipanda boti peke yake kwenda Kariakoo kufuata mzigo wa duka la kaka yake.

La tatu: watoto na nyumba. Hapa wanawake wenzangu ndio wakali kuliko wanaume. Nawajibu kifupi. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mzazi siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baada ya hapo mtoto ana mama, ana baba, ana bibi wawili. Mama anayesoma na kuandika mbele ya mtoto wake hajamwacha.

Halafu kuna pesa, na hapa nitawakera bibi harusi. Mwalimu mwenye ajira anakopesheka, kila mtu anajua. Kwa hiyo harusi yenyewe, ukumbi, mapambo, sare, chakula cha watu mia nne, mara nyingi inabebwa na karatasi yake ya mshahara. Mkopo wa miaka sita kwa sherehe ya siku mbili. Ule utaratibu wa kwamba mtumishi abakiwe na theluthi ya mshahara ndio unaomwokoa, na wengine wakishafika hapo wanakimbilia kausha damu, wanaacha kadi ya benki kwa mkopeshaji na namba ya siri juu. Sasa mwalimu huyu atatoka vipi? Atalipia vipi kozi ya miezi sita? Atakataa vipi jambo lolote? Amefungwa hata kabla mume hajasema neno. Kitchen party inamletea masufuria kumi na mawili na seti tatu za vikombe, na hakuna hata mmoja aliyemchangia kompyuta mpakato ya mtumba. Mashoga, masufuria mawili yanatosha. Nimekaa kwenye kitchen party nyingi, naijua idadi ya masufuria yanayokaa juu ya kabati miaka kumi na karatasi zake.

Na mshahara wake ni wake. Hilo halina mjadala katika dini: mume ndiye mwenye wajibu wa matumizi, na alichochuma mwanamke ni mali yake, akitoa ametoa kwa hisani na ana thawabu. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inasema vivyo hivyo, kwamba mume ana wajibu wa kumtunza mkewe na kwamba ndoa haimnyang'anyi mwanamke mali yake. Mume anayemtaka mwalimu kwa sababu ya mshahara, akamkataza kukua kwa sababu ya ndoa, achague moja.

Kwa hiyo yazungumzwe kabla ya nikaha. Wanazuoni wametofautiana juu ya nguvu ya masharti anayoyaweka mke katika akdi; Mahanbali wanayapa nguvu kubwa kuliko wanavyoyapa wenzetu Mashafii, nasi pwani hii wengi ni Shafii. Kwa hiyo usitegemee karatasi peke yake, wala usiliache jambo hewani. Liseme mbele ya walii wako, lisemwe mbele ya wazee wa upande wa pili, mashahidi wasikie. Mtu mzima hulionea haya neno lake lililosikiwa na watu.

Muulize mchumba wako akijibu kwa ulimi wake, si kwa ulimi wa dada yake. Nikiitwa kusahihisha mitihani wiki tatu, itakuwaje? Nikipewa kata yenye visiwa, nani atakaa na mtoto siku ya kupanda mashua? Nikitaka kuacha ajira niendeshe shule ya awali kwenye chuo cha msikiti wetu, utasimama na mimi mbele ya kamati? Je, unajua ninafundisha somo gani? Hili la mwisho mwulize la kwanza. Nawajua waliofika fungate hawalijui.

Na akikwambia "tutaliongea baadaye, mpenzi," mwulize baadaye ni lini hasa, kwa sababu kadi za mwaliko ziko kwa mchapishaji Dar, na boti haisubiri mtu.